Lenzi ya Kipaimara

Mjomba wangu anaamini kwamba kitu kikiingia, kimekubali. Ni imani aliyoitoa kazini. Yeye ni fundi wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, na kipuri kikifa anakichomoa, anakifunga kwenye gazeti na kwenda nacho dukani kama sampo. Muuzaji anatoa kipya, wanavishikanisha mgongo kwa mgongo, duara kwa duara, tundu kwa tundu. Vikilingana, basi. Sijawahi kumwona akisoma maandishi ya kwenye boksi.

Kwa hiyo siku aliponituma kununua lenzi alinipa lenzi ya zamani, si kamera.

"Kamera haitembei mjini bila kazi," alisema. "Nenda na hii. Mgongo wake ukifanana na wa mpya, chukua."

Naishi kwa mjomba, Lipangalala, kwa sababu ya shule. Wazazi wangu wanafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, mbali kidogo na huku. Niko kidato cha tatu, na pale nyumbani maana yake ni kwamba mimi ndiye msomaji wa kila kilichoandikwa kwa Kiingereza: karatasi za dawa ya magugu, ujumbe wa simu, maelezo ya redio. Nikiwa sijaelewa nasema nimeelewa. Sipendi uongo. Ila nikisema sijaelewa watu wananitazama wakisubiri neno linalofuata, na mimi nikitazamwa hivyo maneno yanagoma kutoka.

Kamera ile mjomba aliuziwa na kijana mmoja aliyekuja kufanya utafiti wa mbu, akaona hana haja ya kurudi nayo kwao. Ilikuja na lenzi moja, ile ya kuvuta na kurudisha. Nje, kwenye jua, inatoa picha nzuri kabisa. Mjomba anaitumia siku za mapumziko kwenye ubatizo, harusi na mahafali, na wateja hawamlalamikii. Tatizo ni ndani. Kanisa letu lina madirisha madogo, na paroko hataki flashi wakati wa ibada, anasema inawageuza waumini wawe wasanii. Bila flashi, lenzi ile inatoa watu weusi tii wenye macho mawili ya mwanga, na akijaribu kuirekebisha wanatoka wametetemeka kama wana homa.

Sasa Jumamosi askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na wazazi wa watoto thelathini na kitu walishamwambia mjomba wanataka picha moja tu ya maana: mtoto akipakwa mafuta kwenye paji la uso. Inachukua muda wa kupumua mara mbili. Askofu harudii.

Nilipewa kazi ya kuchagua lenzi kwa sababu mwaka jana nilichagua betri ya pili na kadi, vyote vikakubali, na tangu hapo nikaitwa mtaalamu. Niliifanya vizuri, kwa kweli. Kwenye kompyuta za shule nilisoma mpaka nikajua tunahitaji lenzi isiyovuta, yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga. Nikajua pia jambo jingine, nikaliandika kwenye daftari na kulipigia mstari: kamera ya mjomba haina mota ya kuzungusha lenzi, kwa hiyo mota lazima iwe ndani ya lenzi yenyewe. Zipo zinazoingia sawasawa, zinapiga picha, ila fokasi unazungusha kwa mkono. Lenzi zenye mota zina herufi fulani ubavuni.

Kwa mtu mwingine kuzungusha kwa mkono si neno. Kwa mjomba ni neno kubwa. Macho yake yameharibiwa na vumbi la pumba miaka mingi. Akichungulia kwenye kamera anaona watu kama walio nyuma ya mvuke. Anachofanya ni kusikiliza. Anabonyeza kidogo, lenzi inajizungusha, kamera inasema pii, ndipo anabonyeza mpaka mwisho. Hajawahi kumwambia mteja yeyote. Mimi najua kwa sababu ndiye ninayemchagulia picha zilizotoka.

Jumanne baada ya vipindi nikaenda dukani. Mzee mwenye duka ni mtu wa pwani, anauza simu na vifaa vyake, na ukimwagiza kitu Kariakoo anakuletea; lenzi yetu ilikuwa imeshaagizwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibie. Umefuata mzigo wako? Nimeuweka hapa."

Akatoa lenzi fupi, nyeusi, nzito kuliko nilivyotegemea. Nikatoa sampo yangu kwenye gazeti. Akazishika migongo ikitazamana.

"Tazama. Pacha hawa. Mama mmoja, baba mmoja."

Zilifanana kweli. Nikachukua kifuniko cha mbele cha lenzi ya zamani nikakiweka kwenye mpya, kikanasa. Hata chujio la kioo la kukinga mikwaruzo lingeingia bila kununua jingine. Nikaigeuza lenzi kutafuta zile herufi. Upande wa kwanza hazikuwepo. Upande wa pili hazikuwepo. Na pale mgongoni nikaona kichwa cha skrubu ndogo, ile ya kuzungushwa na kamera yenye mota, ambayo lenzi ya zamani haina.

Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wanasubiri kutengenezewa simu.

"Hii ina mota ndani?" nikauliza.

"Ee?" mzee akainamisha sikio.

"Dada, paza sauti," kijana mmoja akasema, "au unampa mzee siri za ndoa?"

Mwenzake akacheka. "Muache bwana, anaongea na lenzi. Sisi tuendelee kuota mizizi."

Mzee akawaambia wanyamaze, kisha akanigeukia kwa upole mkubwa, na upole ule ndio ulinimaliza. "Ulikuwa unasemaje, mwanangu?"

"Hamna kitu."

"Imekaa sawa?"

"Imekaa sawa."

Akanifungia.

Nyumbani nikaivisha kwenye kamera. Ikaingia kwa mlio mzuri, klik, mlio ambao mjomba angeupenda. Kamera ikaandika herufi tatu za kugoma. Nikakumbuka nilichosoma, nikazungusha pete ya nyuma mpaka kwenye namba ya rangi ya chungwa, herufi zikaondoka. Kwa dakika moja hivi nilifurahi. Kisha nikalenga ndoo, nikabonyeza kidogo, nikasubiri. Kimya. Nikalenga mlango. Kimya. Nikabonyeza mpaka mwisho, na kamera ikapiga picha ya ukungu bila wasiwasi wowote.

Mjomba alikuwa amesharudi, yuko uani anajiosha pumba kwenye bomba. Msimu wa mavuno anarudi mweupe hadi kope. Mke wake alikuwa shambani anavuna, hivyo nyumba ilikuwa ya sisi wawili tu.

"Mtaalamu!" akaniita. "Imeingia?"

"Imeingia."

"Imekubali?"

Ningeweza kusema hapo. Alikuwa hanitazami hata, alikuwa na sabuni machoni. Sikuwahi kupata nafasi nzuri kuliko ile, na sikuja kuipata tena.

"Imekubali," nikasema.

"Safi. Usiichezee mpaka Jumamosi. Kitu kipya hakichezewi."

Tangu dakika ile nyumba ikawa ndogo. Kila alipopita karibu na kabati lenye kamera niliona anakwenda kuijaribu. Hakwenda. Mashine ilikuwa na foleni ya magunia mpaka barabarani, na yeye alikuwa anatoka alfajiri. Nilijikuta naomba mpunga usiishe.

Jumatano nikarudi dukani. Njiani nilikuwa nimepanga sentensi nzima: mzee, samahani, tulihitaji ile yenye mota, naomba tubadilishe. Nikaisema mara saba. Mlangoni palikuwa na kibao kinachosema kilichouzwa hakirudishwi, ambacho nimekiona tangu darasa la sita, ila siku hiyo nilikisoma kama kimeandikwa kwa ajili yangu.

"Bibie, lenzi inasemaje?"

"Nzuri, mzee."

"Sasa nikusaidie nini?"

Nikanunua kava la simu. Sina simu. Liko kwenye begi langu hadi sasa.

Alhamisi nikaanza kufanya ambacho nilikatazwa. Mjomba akiondoka, kabla sijaenda shule na tena nikirudi, nilitoka na kamera uani. Jirani alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai na kuku walikuwa wanauvamia. Nikajifunza kwa kuku. Ukichungulia, pembeni kuna kinukta cha kijani: ukizungusha fokasi ikipita mahali pake kinawaka, ukizidisha kinazimika. Mwanzo kuku wangu wote walikuwa mawingu. Jioni nikawa na kuku watatu wenye manyoya. Nilikuwa nafuta kila picha ili asizione, na kufuta kulinifanya nijisikie mwizi ndani ya nyumba ninayolala. Sijui nilikuwa najifunzia nini. Sikuwa na mpango wa kumwambia anipe kamera. Kusimama mimi mbele ya askofu na kanisa zima? Afadhali ningerudi kwa wazazi wangu kwa miguu.

Ijumaa mchana alikuja mama mmoja kutoka Mofu, kwa pikipiki, na gauni jeupe la mtoto ndani ya mfuko wa plastiki. Mjomba alikuwa amepitia kula.

"Nimekuja mwenyewe," akasema, "nisije nikasikia mlimruka. Wangu ni yule mfupi. Watu wanamruka mpaka kwenye kuhesabiwa."

"Mfupi ndiye anatangulia kwenye mstari, dada," mjomba akamwambia. "Wako atakuwa wa kwanza kabisa. Na safari hii tuna lenzi mpya, huyu mtaalamu kaichagua. Si ndiyo?"

Wote wakanitazama.

"Ndiyo," nikasema.

"Bibi yake hawezi kusafiri," yule mama akasema akinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. "Ataiona kwenye picha. Nimemwahidi."

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi kanisani tulikaa mbele, pembeni, karibu na kwaya. Mimi nilibeba begi lenye lenzi ya zamani na betri. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, na kila nilipogeuka palikuwa na goti la mtu, kofia ya mtu, mtoto wa mtu. Hakukuwa na pa kupita. Wakati wa mahubiri nilimgusa mjomba mkono.

"Mjomba."

"Shh. Askofu anaongea."

Watoto wakapangwa kwa urefu. Binti wa Mofu akatangulia, gauni limemzidi, msimamizi wake nyuma amemwekea mkono begani. Mjomba akapiga hatua mbili mbele, akainua kamera, akabonyeza kidogo, akasubiri.

Nilimwona anavyosubiri. Kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya. Askofu akachovya kidole gumba. Mjomba akaachia, akabonyeza tena. Askofu akapaka msalaba kwenye paji la uso la yule mtoto, akasema maneno yake, mtoto akajibu amina kwa sauti nyembamba, akapiga hatua kando. Mjomba hakupiga hata picha moja. Hana tabia ya kupiga bila pii.

Akashusha kamera akaitazama. Akanitazama.

"Imekufa?" akanong'ona.

"Inataka kuzungushwa kwa mkono."

"Lete ya zamani."

"Itatoa giza, mjomba."

Mtoto wa pili alikuwa ameshapiga magoti. Mjomba akanivika mkanda wa kamera shingoni, akanisukuma mgongoni. Kumbe mtu anaweza kusukumwa mbele ya kanisa na asife. Nilichungulia, na kwa kuwa nilichungulia sikumwona mtu mwingine, niliona kidole, paji la uso na kinukta cha kijani. Nikazungusha. Nikapiga. Mtoto wa tatu. Wa nne. Kwaya ilikuwa inanitazama, paroko alikuwa ananitazama, jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye soksi, na sikuweza kutoka kwa sababu baada ya kila mtoto palikuwa na mwingine. Nilipofika wa mwisho vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye ile pete.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani mjomba akasema, "Umejuaje kuzungusha haraka namna ile?"

"Nimebahatisha."

Baada ya nyumba mbili akasema, "Yule mzee katuuzia kanyaboya, kitu kibovu. Kakuona mtoto akakubambika. Jumatatu nakwenda kwake. Atanieleza mbele ya wateja wake."

Hapo ndipo nilipoelewa nilikofika. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa wangu mwenyewe, ulinibana mimi tu. Huu sasa ulikuwa unakwenda kumkamata mzee aliyeniuliza mara mbili, kwa upole, nilikuwa nasemaje. Usingizi wa mchana ulinikataa. Nilikaa kwenye kigoda nikichagua picha kwenye kompyuta ya mjomba, na zilikuwa nzuri, ndiyo ubaya wake. Mafuta yanang'aa kwenye paji la uso, nyuma watu wamelainika. Watoto wote isipokuwa mmoja.

Jumapili baada ya misa yule mama akaja na binti yake. Mjomba akawapa viti. Akaanza kueleza kuhusu kifaa kibovu na wafanyabiashara wasio waaminifu, na mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, haelewi bado inamhusu nini.

"Kwa hiyo picha ya mwanangu?"

Na mimi, kabla mjomba hajajibu, kabla sijapanga sentensi, nikawa nimeshaanza.

"Mama, haipo. Ya kupakwa mafuta haipo. Na si kosa la mwenye duka. Nilijua."

"Ulijua nini?" mjomba akauliza.

"Kwamba haitasema pii. Nilijua tangu dukani. Niliogopa kuuliza kwa sauti. Halafu uliponiuliza uani nikasema imekubali."

Binti alikuwa anachezea ukingo wa gauni lake. Mjomba aliangalia mikono yake, ile yenye pumba kwenye mistari hata akioga.

"Tangu Jumanne," akasema.

"Tangu Jumanne."

"Na ile kuzungusha?"

"Nilijifunza kwa kuku wa jirani."

Nilitegemea atapiga kelele. Ningependa apige kelele, ingekwisha haraka. Yule mama ndiye aliyesema, bila hasira lakini bila kunirahisishia, "Sasa bibi yake nikamwambie nini? Maana mimi niliahidi kwa mdomo wangu."

"Mtamwambia mpigapicha anakuja kwake," mjomba akasema. "Gauni lipo, mtoto yupo, mafuta ya kanisani hayapo, hilo hatuwezi. Lakini bibi atapigwa picha akiwa na mjukuu wake, pale pale anapokaa."

"Utakuja lini?"

"Si mimi. Huyu. Na atamweleza bibi mwenyewe kwa nini ile nyingine haipo, mbele ya watu wa nyumbani." Akanigeukia. "Na kwa yule mzee utakwenda wewe pia. Mimi sina ugomvi naye."

Nilitafuta pa kutokea kwenye ile sentensi sikupaona. Mofu sijawahi kufika. Nikaona nyumba iliyojaa shangazi na wajomba wa watu, kila mmoja wa kuamkiwa, kila mmoja ananitazama akisubiri neno linalofuata.

"Jumamosi nitamtuma mtu wa pikipiki amchukue," yule mama akasema, akisimama. Kisha akanipima kwa macho, kama anayepanga sufuria. "Unakula samaki?"

"Nakula," nikasema. Halafu nikaona ni afadhali nimalize kabisa. "Ila kambale siwezi, mama."

"Basi tutatafuta perege," akasema, akamshika binti yake mkono wakatoka.